Aliyeiga Mwendo wa Mama

Karanga zikikaangwa kwa mchanga hazinukii mara moja. Kwanza unausikia mchanga wenyewe, harufu kavu ya jiko la udongo. Kisha yanakuja maganda, harufu nyepesi kama karatasi iliyoanza kuungua. Ya tatu ni ya karanga zenyewe, ya mafuta, na hiyo ikifika lazima uepue haraka. Juzi nilikaa jikoni kwangu nikakaanga sahani nne. Harufu ya tatu ilipokuja nikalia, mpaka binti yangu akatoka chumbani kuuliza kama moshi umeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo. Moshi haukuwepo, mkaa ulikuwa umeshika vizuri.

Aliyenifundisha kukaanga namna hiyo ni Bi Kalunde, ambaye tumemzika mwezi uliopita. Watu wanaonipa pole huniuliza alikuwa nani kwangu, nami nasema alikuwa mtani wangu, maana ndivyo alivyokuwa. Siwaambii kwamba kwa miaka sita ya utoto wangu nilimchukia kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Siwaambii pia kwamba chuki ile ilikuwa kosa, na kosa lenyewe nililifanya kwa akili zangu zote, nikiwa nimefikiri sana. Nataka kuliandika sasa, kwa ajili yenu mliozaliwa wakati wangu, ambao hamhitaji kuelezwa mengi.

Mtakumbuka Temeke ilivyokuwa. Mikorosho, mihogo, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na mchanga mweupe ambao saa saba ya mchana ulituchoma nyayo, tukawa tunaruka kutoka kivuli hadi kivuli. Baba yangu alikuwa kuli bandarini. Waingereza walipochukua vijana kwenda kupigana na Wajapani huko Bama naye akaenda, hakurudi. Nyumbani tukabaki mimi na mama.

Mama aliitwa Mwamvua. Alipokuwa msichana, kinu kilimwangukia mguu wa kushoto, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo akawa anauvuta. Kwenye mchanga nyayo zake hazikufanana na za mtu mwingine: unyayo mzima wa kulia, halafu mfereji, unyayo, halafu mfereji. Nikirudi kutoka kisimani sikuwa na haja ya kumwita. Nilitazama chini nikajua yuko jikoni au kaenda kwa jirani. Na akitembea ndani ya ua nilimsikia hata nikiwa nimefumba macho: chwaa, pu. Chwaa, pu.

Jirani mwenyewe alikuwa Bi Kalunde, Mnyamwezi aliyekuja na mumewe kutoka Tabora. Aliuza karanga. Hakuwa na mtoto. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu wakati wa misafara, babu zetu walipowapokea babu zao hapa pwani, au walipowaibia, inategemea nani anasimulia. Mtani anaweza kukutukana na hukasiriki, anaweza kuchukua kitu chako na hudai. Kila asubuhi nilikuwa naamshwa na matusi yao.

“Hodi kwa mtumwa wangu!” Bi Kalunde aliita kabla hajaonekana.

“Karibu, mpagazi,” mama alijibu. “Leo mzigo wa nani umeuangusha njiani?”

“Nataka chumvi.”

“Ile ya juzi umeshaila? Nyie Wanyamwezi mlikuja pwani na pembe za ndovu kichwani, mkaonja chumvi, mkasahau njia ya kurudi kwenu.”

“Na nyie mkalala chini ya minazi mkingoja nazi zidondoke zenyewe. Toa chumvi, mie nina karanga jikoni.”

Mama alitoa chumvi. Bi Kalunde akipita kwangu alinitumbukizia karanga za moto mkononi, mbili tatu, na kuniita mtumwa mdogo.

Nilijua kwamba ule ni mchezo. Lakini kichwani mwangu nilikuwa na sheria kuhusu michezo. Mchezo unaisha jua likizama, au mtu akiumia, au mama akiita. Na mtu akifa, niliamini, michezo yote inaisha. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliifikia mwenyewe, kama watoto wanavyozifikia sheria zao, na sikumwambia mtu, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kunisahihisha.

Masika ya mwaka niliotimiza miaka saba kifua kilimshika mama. Alipewa dawa nyekundu kwenye chupa, akainywa ikaisha, akapewa nyingine. Dada yake mkubwa, mama mkubwa Tatu, alikuja kutoka Kimbiji, akakaa pembeni ya kitanda akawa analia na kufuta uso kwa ncha ya kanga. Bi Kalunde alikuwa akija kila mchana. Yeye alimtoa mama mkubwa nje akapumzike, akashusha pazia, na baada ya muda nikasikia vicheko. Siku moja nilikuwa kibarazani nachambua mchele. Ndani palikuwa na vishindo, kama mtu anakwenda na kurudi, na mama anacheka, anacheka sana, sijamsikia akicheka vile tangu baba aondoke. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kwisha. Bi Kalunde alipotoka alikuwa anatabasamu. Alinishika shavu akaenda zake.

Siku mbili baadaye mama akafariki. Nikayaunganisha mambo yale kwa sababu yalikuwa karibu karibu: Bi Kalunde alimchekesha, akakohoa, akafa.

Nyumba ilijaa wanawake. Mie nilikaa karibu na mlango nikawa natazama nyuso. Sikulia. Watu walisema mtoto hajaelewa, lakini nilikuwa kazini: nilitaka kujua nani alimpenda mama, na kipimo changu kilikuwa machozi. Anayelia sana anapenda sana. Asiyelia hapendi. Mama mkubwa Tatu alijitupa chini, wakamshika wanawake watatu, sauti yake nadhani ilifika kisimani. Nikajiambia, huyu ndiye wa kwanza. Bi Kalunde alikuwa anapita katikati ya watu na ndoo za maji, macho makavu, akimkanyaga huyu na kumtania yule. “Sogea, wewe! Umekuja kulia au kuotea wali?” Na watu wakatabasamu. Nikamweka wa mwisho.

Kisha wanaume wakaja kulichukua jeneza, na hapo Bi Kalunde akafanya jambo lililonichanganya. Alikwenda mlangoni akalala chini, akajinyoosha kwenye kizingiti kutoka ukuta hadi ukuta.

“Hapiti mtu!” alisema. “Huyu ni mtumwa wangu. Nani kampa ruhusa ya kuondoka? Kesho nani atanipa chumvi?”

“Ondoka, Mnyamwezi, jua linakwenda,” alisema mjomba Athumani, kaka yake mama.

“Liende. Mie na yeye hatuna haraka.”

Nilidhani nimempima vibaya. Katika watu wote waliojaa mle, huyu tu ndiye mwenye akili, huyu tu ndiye anayekataa mama atolewe. Nilitamani kwenda kulala pale kizingitini kando yake, na nadhani nilishaanza kuinuka.

“Haya sema, unataka nini?” mjomba akauliza.

“Nataka yule kuku wa madoadoa.”

Alikuwa kuku wa mama, mweusi mwenye madoa meupe, aliyezoea kulala chini ya kitanda chetu. Kijana mmoja akamkimbiza uani, akamleta amemshika miguu, kichwa chini. Bi Kalunde akampokea. Akainuka, akajikung'uta mchanga, akacheka, akasogea pembeni. Jeneza likapita.

Alimuuza mama kwa kuku. Hilo ndilo nililoliona kwa macho yangu, na hata leo, nikijikumbusha yote ninayoyajua, bado naweza kuliona vilevile.

Siku ya tatu, siku ya kuanua matanga, nilitumwa nyuma ya nyumba kuchukua kikombe. Nikiwa narudi nikasikia: chwaa, pu. Chwaa, pu.

Nilisimama. Sauti ilitoka uani. Nikazunguka ukuta, na mbele yangu, kwa mgongo, nikaiona kanga ya mama, ile yenye korosho nyekundu pembeni. Mkono mmoja kiunoni. Mguu wa kushoto ukivutwa, mfereji ukibaki kwenye mchanga. Na sauti yake, ile ya kukwaruza kidogo, ikaniita kwa jina langu:

“Chiku! Wee Chiku! Nani kachukua ungo wangu? Aliyeuchukua aurudishe kabla sijaufuata kwa miguu yangu miwili, na mmoja mnaujua ulivyo!”

Wanawake wote uani walikuwa wanacheka. Nilielewa kwa nini wanacheka: mama karudi. Nikadondosha kikombe. Nikapiga kelele “Mama!” nikakimbia, nikamkumbatia miguu kwa nyuma, nikauzika uso wangu kwenye kanga ile. Ilikuwa na harufu yake, mafuta ya nazi na moshi wa kuni za mkorosho. Nikaivuta kwa pumzi ndefu. Na chini ya harufu hiyo, kwa mbali, nikasikia harufu ya karanga.

Nilijua kabla sijainua kichwa.

Vicheko vilikuwa vimekatika. Miguu niliyoishika ilikuwa migumu kama nguzo. Mkono ulishuka ukakaa kichwani mwangu, ukakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha Bi Kalunde akasema, bado kwa sauti ya mama, “Huyu mtoto kaniganda kama kupe, nani kamfunza?” Na wanawake wakacheka tena, taratibu, kama watu wanaoombwa kucheka.

Nikaushika mkono ule nikauuma. Niliuma pale kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka nikasikia chumvi ya damu. Hakupiga kelele. Aliutoa mkono wake polepole, akaendelea na mzunguko wake wa ua, akiuvuta mguu, akiulizia ungo, na damu ikidondoka mchangani kando ya ule mfereji.

Baada ya arobaini, mjomba Athumani aliniita kibarazani. Walikuwepo yeye, mkewe, mama mkubwa Tatu, na Bi Kalunde aliyefunga mkono kwa kitambaa. Siku hiyo Bi Kalunde hakumtania mtu. Alikuwa amevaa nguo safi na amekaa kama mgeni.

“Mama yako kabla hajafa alisema ukae na Bi Kalunde,” mjomba alisema. “Mie nasema mtoto naye ana moyo wake. Unataka kukaa na nani?”

“Na mama mkubwa.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu yeye analia.”

Mama mkubwa akaanza kulia palepale. Mjomba akamtazama Bi Kalunde, kisha mimi. “Na Bi Kalunde je?”

“Alimuuza mama kwa kuku.”

Nilimtazama usoni nione kama ataona aibu. Midomo yake ilicheza kidogo, halafu akacheka, kicheko kifupi. “Mtoto kasema kweli,” alisema. “Na kuku mwenyewe mnono.” Akainuka, akaaga, akaondoka. Nakumbuka nilishangaa jinsi alivyotembea haraka.

Sitaki kumsema vibaya mama mkubwa. Alikuwa na watoto sita, shamba la mpunga, na mume mgonjwa. Alinilisha nilichopaswa kula. Hakunipiga zaidi ya alivyowapiga wake. Lakini machozi yake yalikuwa yameisha yote pale Temeke, na tangu tulipofika Kimbiji hakulitaja tena jina la mama. Nikilitaja mimi aligeuka akatafuta kazi ya kufanya. Nadhani lilimuuma. Basi na mie nikaacha kulitaja. Mwaka wa kwanza nilikuwa nausikia mwendo wa mama kila nilipofumba macho. Mwaka wa pili nilihitaji kujitahidi. Baadaye nikawa na watoto wenzangu wa kucheza nao, na sikugundua siku uliponitoka.

Katika mwaka ule wa kwanza Bi Kalunde alikuja mara tatu. Kutoka Temeke hadi Kimbiji, kwa miguu, ni safari ya siku nzima kwa mtu mzima asiyebeba kitu, na yeye alibeba karanga na mayai ya kuchemsha. Mara zote tatu nilijificha vichakani nyuma ya nyumba. Alikaa kibarazani mpaka jua likapunga, akizungumza na mama mkubwa, kisha akasimama akaita kuelekea vichakani:

“Wee mtumwa mdogo! Kuku wa mama yako anakusalimu!”

Nilidhani ananidhihaki, maana kuku yule kwa hesabu yangu aliliwa siku ileile. Mara ya tatu nilijitokeza. Nilichukua kifurushi cha karanga mikononi mwake, nikakifungua, nikazimwaga zote kwa kuku wa mama mkubwa, mbele yake. Alizitazama zikidonolewa.

“Kuku wa Kimbiji wana bahati kuliko mie,” alisema, akacheka. Hakuja tena.

Binti yangu amesomea ualimu. Zamani, alipokuwa chuoni, alikuwa ananisomea kitabu chake juu ya makuzi ya mwanadamu. Kilisema kwamba mtoto mchanga anashikamana na mtu mmoja kwanza, na kwa kumtazama huyo anajifunza kuzisoma nyuso za wengine. Kilisema inachukua miaka mingi kabla mtoto hajaelewa kwamba mtu anaweza kufurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja, au kuonyesha hili huku moyoni ana lile. Akainua kichwa akaniuliza, “Mama, ni kweli haya?” Mie niliishia darasa la nne, lakini nikamwambia ni kweli. Nilingoja kitabu kiseme mtoto anawafanya nini watu katika miaka hiyo, kabla hajaelewa. Hakikusema. Kilikwenda moja kwa moja kwa vijana, kisha watu wazima, kisha wazee, ambao kilidai hisia zao hutulia. Hilo bado nalingoja.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu hivi mjomba Athumani alipomwoza binti yake, nasi tukaja Temeke kwa harusi. Sufuria hazikutosha. Mama mkubwa akanituma kwa Bi Kalunde nikaazime moja kubwa. Nikasema sijui nyumba. Akasema, “Nyumba uliyozaliwa kando yake huijui?” Nikaenda.

Mlangoni nilibisha hodi kwa sauti ndogo makusudi, ili asisikie nirudi niseme hayupo. Hakuna aliyeitika. Nilikuwa nimeshageuka, ndipo nikasikia, nyuma ya ua wa makuti: chwaa, pu.

Nilisogea nikachungulia penye upenyo. Kwanza niliona kuku. Walikuwa kumi na tano, labda zaidi, na karibu wote weusi wenye madoa meupe. Katikati yao alikuwa Bi Kalunde peke yake. Alikuwa amevaa kanga ya mama, sasa korosho zake zimepauka. Mkono mmoja kiunoni, mwingine ukirusha punje za mtama, na mguu wa kushoto akiuvuta mchangani.

“Chiku,” alikuwa anasema, chini chini, si kwa ajili ya mtu. “Wee Chiku. Nani kachukua ungo wangu?”

Hapakuwa na mtu wa kucheka. Alitembea hivyo kutoka pembe moja ya ua hadi nyingine, akageuka, akarudi. Ile ilikuwa sauti ya mama. Ilikuwa imeniponyoka kabisa, hata nisijue kwamba imeniponyoka, na kumbe miaka yote sita ilikuwa pale, ndani ya koo la Mnyamwezi huyu, ikitunzwa pamoja na kuku. Nikakaa mchangani nje ya ua, nikamlilia mama yangu kwa mara ya kwanza.

“Nani huyo analia nyumbani kwangu?” Sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe. “Kama ni mwizi wa kuku aingie. Kama ni Mzaramo, abaki hukohuko.”

Nikaingia. “Shikamoo.”

“Marahaba.” Alinitazama kutoka juu hadi chini. “Umerefuka. Samaki wa Kimbiji hao.”

“Kwa nini unatembea hivyo?”

Akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akanionyesha mahali kando yake. “Wajua alinifundisha nani? Mwenyewe. Pale kitandani. ‘Mguu wa kushoto, Kalunde. Wa kushoto, mjinga wewe! Unatembea kama bata aliyekanyaga mwiba.’ Mie nakwenda na kurudi kati ya kitanda na ukuta, naye anacheka mpaka kifua kinambana. Nikamwambia, basi mtumwa wangu, unajiua. Akasema, ‘Nitakufa hata nisipocheka. Tembea tena. Mtoto ana miaka saba, atanisahau. Nataka anione mara moja zaidi nikitembea.’”

Kuku mmoja alikuja akadonoa kidole changu cha mguu. Sikumfukuza.

“Ukanishika miguu,” Bi Kalunde alisema. “Nilitaka kukaa chini nilie na wewe. Lakini ule msiba ulikuwa na watu siku ya tatu hawajala. Mtani naye akilia, nani atawainua?” Aliunyoosha mkono wake wa kulia. Kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na nusu duara ya vidoti vyeupe. “Ona meno ya Kizaramo. Ya kukunia nazi.”

Hapo ndipo nilipopaswa kuomba radhi. Naandika haya ili niseme wazi kwamba sikuomba. Nilikuwa na maneno, yalifika hapa kooni. Alipoona sisemi kitu aliniuliza nimekuja kufanya nini, nikasema sufuria, akacheka, akaingia ndani akaileta. Kisha, kabla sijaipokea, akasema, “Haya, kwanza tembea nikuone.” Nikatembea. “Mguu wa kushoto,” akasema. “Wa kushoto!” Tukauzunguka ua mara tatu, yeye mbele mimi nyuma, kuku wakitupisha, mpaka akaridhika. Nilirudi na sufuria nimechelewa, na mama mkubwa akanigombeza mbele ya wageni.

Niliolewa nikarudi kukaa Temeke. Bi Kalunde, ukubwani, Mungu akamjalia mtoto mmoja wa kiume. Tuliishi karibu miaka mingi, tukitukanana kila asubuhi juu ya chumvi. Nilimpikia alipougua, nilimwogesha alipodhoofika. Neno lile la radhi nililiweka, kwa sababu kila siku ilionekana kuna kesho, na kwa sababu nilijiambia kwamba analijua. Labda alilijua. Lakini kujua si kuambiwa, na yeye aliniambia yote ya mama yangu, hakuniachia nibahatishe.

Alipofariki, watu walinitazama mimi, maana mtani sasa nilikuwa mimi. Nilikwenda mlangoni kwake nikalala kwenye kizingiti. “Hapiti mtu,” nilisema. “Huyu ni mpagazi wangu, hajamaliza kubeba mizigo yangu.” Mwanawe akanipa kuku, na kila mtu akangoja niinuke. Sikuweza. Sakafu ilikuwa baridi shavuni, nikaona kwamba nikiinuka tu, anapita, na mwendo wa mama unapita naye. Watu wakacheka wakasema mama huyu anauweza utani. Sikuwa nacheza. Mwishowe wakanishika mikono wakaniinua.

Siku ya tatu nilivaa kitenge chake, nikakaa uani na mwiko, nikakoroga mchanga mtupu kama alivyokuwa akikoroga, ulimi umebanwa kwenye meno, nikiwatukana Wazaramo wote kwa sauti yake. Walicheka sana. Na katikati ya kicheko, mjukuu wake Nyamizi, mwenye miaka minane, ambaye alikuwa analala na bibi yake kitanda kimoja, akasimama mlangoni akapiga kelele: “Vua nguo ya bibi! Vua!” Nilimtazama machoni. Niliyajua macho yale. Na mimi nikafanya kama nilivyofanyiwa, nikakoroga mpaka mwisho.

Karanga zimepoa. Nimezifunga kwenye gazeti, na nimeongeza mayai mawili ya kuchemsha, ya kuku wa madoadoa. Najua Nyamizi atajificha, au atazimwaga mbele yangu, na nitalazimika kutafuta neno la kuchekesha. Nitakwenda Jumamosi hii, na Jumamosi nyingine. Kutoka kwangu hadi kwao ni mwendo wa nusu saa. Kimbiji ilikuwa siku nzima.